Mti au mawimbi: kipi kinafaa kupanga lugha za Kiirani?

Huu mjadala wa kupanga lugha za Kiirani, yaani ukoo wa Kiajemi, Kikurdi na jamaa zao, hauna mwisho. Mti, yaani mchoro wa lugha moja ya kale inayogawanyika matawi, aliuchora mwanaisimu August Schleicher miaka ya 1850, mawimbi, yaani wazo kwamba mabadiliko husambaa toka lugha moja hadi jirani zake, yakaja na mwanaisimu mwenzake Johannes Schmidt mwaka 1872, na mpaka leo kila upande una watu wake.

Kwa urahisi wa kuona ukoo, mti unashinda. Chukua Kioseti, kinaongewa kule milima ya Caucasus, magharibi kabisa, lakini mti unakiweka kundi la mashariki pamoja na Kipashto, yaani ramani haikudanganyi, na kwangu hilo ni jambo kubwa sana.

Ila ukifika kwenye lugha zilizokaa jirani miaka na miaka, mti unakwama. "Kujua" Kiajemi wana mzizi dan, Kikurdi zan, safi kabisa, d ni tawi la kusini-magharibi na z ni tawi la kaskazini-magharibi. Sasa njoo kwenye mkono: Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani, ni zasta, Kiajemi cha kale dasta, kwa hiyo Kikurdi ungetegemea z, lakini wanasema dest! Hata Kibulushi, lugha ya mababu wa Wabulushi wetu wa Mombasa, ni dast hiyohiyo. Hiyo d imesambaa toka Kiajemi, na tawi la mti haliwezi kukuonyesha hilo.

Shida ya mawimbi ni kazi, unatakiwa ukusanye lahaja kibao, neno kwa neno.

Kama ndo unaanza au unafundisha darasa, chora mti. Kama unachimba lahaja za Kikurdi au Kibulushi, mawimbi utayahitaji mapema tu.