Chipu mbili za sauti ndani ya Commodore 64 moja: mwezi mmoja na swichi niliyojenga Moshi

Mwezi mzima sasa Commodore 64 yangu, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, inabeba chipu mbili za sauti, na nikitaka hii au ile nabonyeza swichi ndogo niliyoifunga nyuma. Bodi ya kubadilishia nimeijenga mwenyewe. Nimeridhika nayo sana, ila ina mitego yake, na ndiyo nataka kuieleza.

Kompyuta niliachiwa na baba mdogo, aliyeinunua akiwa masomoni Uingereza. Ndani ilikuwa na SID 6581, chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes pale MOS Technology, ikatoka na mashine yenyewe mwaka 1982. Ya pili, 8580, ilikuja baadaye na kutumika kwenye Commodore 64C, toleo la baadaye la mashine hiyo. Zote zina sauti tatu na miguu 28, na zinapokea amri kuanzia anwani ileile, 54272. Lakini masikioni ni vitu viwili. Besi ya 6581 ni nzito, ina mkwaruzo ninaoupenda. 8580 ni safi, na ule mvumo wa chinichini umepungua sana. Tofauti inajitokeza zaidi kwenye michezo inayotoa maneno au ngoma zilizorekodiwa kwa kuchezea rejista ya volyumu, ile sehemu ya chipu inayoshika kiwango cha sauti: 6581 inayatoa kwa nguvu, 8580 inanong'ona.

Mtego wa kwanza ni umeme. Mguu wa 28 wa 6581 unataka volti 12, wa 8580 unataka volti 9. Ukiipa 8580 zile 12 utaiunguza. Nilikwenda kwa fundi redio mmoja karibu na stendi kuu kutafuta regyuleta ya 7809, kifaa kinachoshusha umeme hadi volti 9.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwanangu. Unaiweka kwenye nini?”

Nilipomweleza, akaniambia nisithubutu kupachika chipu kabla ya kupima soketi ikiwa tupu. Nilimtii. Mita ikasoma 9.02, ndipo nikaipachika, tena mikono ikitetemeka, maana chipu hizi hazitengenezwi tena.

Kuzipata nako ni shida. 8580 ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilifika ikiwa bubu kabisa. Nilipopitisha pamba yenye asetoni, maandishi yote yakatoka na pamba, na chini yake pakaonekana alama za msasa. Chipu ya kitu kingine imeandikwa upya! Pesa sikurudishiwa. Tangu hapo naomba kwanza picha ya chipu ikiwa inafanya kazi ndani ya mashine.

Mtego wa pili ni kapasita za filta, sehemu inayochuja sauti, kwenye miguu ya 1 hadi 4. 6581 inatumia pikofaradi 470, 8580 nanofaradi 22. Kwa hiyo miguu hiyo minne sikuiunganisha na bodi kuu. Kila chipu nimeipa kapasita zake. Nyaya za data, anwani, saa na kuwashia upya zinatumika kwa pamoja.

Kinachochagua chipu ni mguu wa 8. Unapita kwenye swichi, na ule wa chipu isiyotumika unavutwa hadi volti 5 kwa rizista ya kiloomu 4.7. Mwanzoni niliishia hapo, sauti za zote mbili nikaziunganisha pamoja. Nikabadilisha katikati ya wimbo, ile chipu niliyoiacha ikaendelea kushikilia noti yake ya mwisho kama honi iliyokwama. Nilifumua kila kitu, nikaweka swichi ya njia mbili: moja ya mguu wa 8, nyingine ya mguu wa 27, unaotoa sauti. Anayeanza leo aiweke hiyo tangu mwanzo, atajiokolea jioni mbili za kulehemu.

Miguu ya 23 na 24, inayosoma padeli (vidhibiti vya michezo vyenye kitufe cha kuzungusha), nimeiunganisha na 6581 peke yake, kwa hiyo padeli hazifanyi kazi nikiwa upande wa pili. Kwangu si tatizo, nacheza kwa jostiki. 6581 inachemka kweli, nimeibandika kipande cha alumini mgongoni.

Kilichobaki ni rizista ya kiloomu 330, kutoka mguu wa 26 wa 8580 hadi ardhi, inayosaidia kuzipandisha zile sauti zilizorekodiwa. Ninayo tayari mezani. Jumamosi naipachika.