Kikata povu cha waya wa moto: ununue kipi, na lini

Kama unatengeneza mlima mmoja wa povu gumu (polistirini) kwa maonyesho ya shule, usinunue kikata povu cha waya, yaani kifaa chenye waya unaopashwa moto kwa umeme ili uyeyushe njia ndani ya povu. Nunua kisu ambacho wembe wake huvunjwa ncha iliyo butu. Kwa skeli ya 1:50,000, Kilimanjaro yote, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, ina kimo cha sentimita 12 hivi: matabaka sita ya povu la sentimita 2. Vunja ncha ya zamani upate mpya mara tu kisu kinapoanza kukwama, maana wembe butu haukati povu, unalinyofoa.

Mambo hubadilika ukianza kujenga vijiji vya povu: kuta, ngazi, matofali mia mbili ya ukubwa mmoja. Hapo namba moja kwangu ni kikata cha mezani, na ninachokipendekeza ni Proxxon Thermocut 230/E. Kinatumia umeme wa volti 230 kama wetu, kinakata povu nene hadi sentimita 14, na kina kiongozi cha kunyooshea mkato. Bei yake inauma, na bado kuna usafiri na ushuru. Ukiagiza cha soko la Marekani, soma volti kwanza. Kule ni 120.

Ukikipata, kipe subira. Waya wake ni wa milimita 0.2 tu. Ukisukuma povu kwa haraka, waya unabinuka katikati na ukuta unatoka na tumbo. Ukisita, unayeyusha shimo palepale. Na kata kwanza, gundisha baadaye: waya ukikutana na gundi nyeupe iliyokauka, hauendi.

Namba mbili ni upinde wa betri: waya wa moto uliovutwa kwenye fremu ya kushika mkononi. Ni rahisi, na kwa miteremko na majabali unafaa sana, kwa sababu huko hakuna anayetaka mstari ulionyooka. Kwa kuta usiutegemee. Mkono unayumba, na betri zikichoka waya unapoa.

Kalamu ya moto, yenye ncha inayopashwa moto, naiweka mwisho. Inachonga mapango na nyufa vizuri, lakini haikati ubao wa povu.

Chochote utakachonunua, kata polistirini tu: ile nyeupe ya chembechembe inayofungashia televisheni, au ile ngumu ya bluu au waridi. Fungua madirisha, kwani moshi wake nao si wa kuvuta. Sponji ya godoro usiiguse kabisa kwa waya. Ni poliurethani, na ikiungua hutoa gesi ya sianidi.