Fomu ya mkataba wa ajira ya stationeri: ya kuanzia inafaa, ya kusaini bado

Ni ile fomu ya kurasa mbili inayouzwa kwenye stationeri za katikati ya mji wa Dodoma, anayoikimbilia mwenye duka wa Majengo, mwenye mgahawa wa Area D na mwenye shamba la zabibu kule Hombolo akitaka kuajiri mtu. Bei yake haiumi, Kiswahili chake kinaeleweka, nafasi za kujaza ni pana. Sifa zake zinaishia karibu na hapo.

Kipimo chetu ni kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mfanyakazi anatakiwa apewe kwa maandishi jina lake, umri, jinsi na anwani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa, pamoja na malipo yasiyo ya fedha kama chakula au chumba. Fomu inauliza jina, cheo, tarehe na mshahara. Maelezo ya kazi yamepewa mstari mmoja ambao hata "kuhudumia wateja, kuosha vyombo na kufunga hesabu" hauenei.

Pengo linalogharimu kuliko yote ni mahali alipoajiriwa. Ukimchukua kijana Kondoa au Manyoni ukamleta mjini, siku ajira inapokoma unatakiwa umsafirishe na mizigo yake hadi kule ulikomtoa, au umpe walau nauli ya basi hadi stendi ya karibu na huko, na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri. Ikiwa mkataba uko kimya, yeye atasema Kondoa, wewe utasema alikuja mwenyewe hapa hapa, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Andika kijiji, wilaya na mkoa.

Kwenye saa za kazi fomu imechapa "kulingana na mahitaji ya mwajiri". Futa. Kikomo cha kawaida ni saa 9 kwa siku, saa 45 na siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa angalau mara moja na nusu. Mlinzi anayekesha saa 12 kwa siku sita, hata ukitoa saa moja ya kula kila zamu, anafika saa 66. Ziada ni 21 kwa wiki, yaani 84 kwa wiki nne. Hapo hata ukilipa umeshavunja sheria. Ajiri mlinzi wa pili.

Mshahara nao uandikwe pamoja na hesabu yake. Kwa mwezi wa Tsh 390,000, gawanya kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi), kisha kwa 45 (saa za wiki), unapata kama Tsh 2,000 kwa saa. Saa ya ziada inakuwa 3,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezwa asilimia 5. Ukiweka hesabu hii ndani ya mkataba, mabishano ya mwisho wa mwezi yanapungua sana.

Likizo imechapwa "siku 21", na hapo ndipo fomu inapojifichua: hiyo ni namba ya sheria ya Kenya, imenakiliwa mtandaoni bila kusomwa. Kwetu ni siku 28 mfululizo, sikukuu zinazoangukia humo zikiwamo. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 pia, ila ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi siku 7 zinatosha. Fomu inasema "saa 24".

Kipengele cha "hasara yoyote atalipa mfanyakazi" kinapendwa sana na wenye baa. Hakina nguvu kinayodhaniwa kuwa nayo. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, mwajiri aandike chanzo na hesabu, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake.

Robo ya ukurasa wa pili ni ya mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Muhuri hauna ubaya, lakini hauzibi saa za kazi zilizoachwa wazi. Nafasi hiyo ingefaa tamko kwamba mfanyakazi asiyesoma amesomewa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, maana hilo sheria inalidai.

Ukiinunua, chukua mbili, kwa sababu haina nakala. Kata vipengele vya saa, likizo, notisi na hasara kwa kalamu, wote wawili msaini pembeni ya kila palipokatwa, kisha ambatisha ukurasa wa tatu wenye yaliyokosekana. Nakala moja apewe mfanyakazi siku hiyo hiyo. Yako itunze hadi miaka 5 baada ya ajira kuisha.