Vifaa vya kusawazisha trela ya kusafiria: cha kununua na cha kuacha dukani

Trela ikiegeshwa kwenye mteremko, utalala kichwa chini usiku mmoja, na maji ya bafu yatagoma kwenda kwenye tundu. Hayo yanavumilika. Friji ndiyo isiyovumilia, hasa ile ya gesi na umeme isiyo na kompresa, ambayo bado imo kwenye trela nyingi za Marekani.

Friji hiyo haina pampu. Moto mdogo mgongoni mwake huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mvuke hupanda, hupoa, kisha kimiminika hurudi chini kwa uzito wake tu. Trela ikilala upande, kimiminika hutuama njiani na kichemshio hubaki kikavu juu ya moto. Ile kemikali ya kuzuia kutu iliyochanganywa humo, kromati ya sodiamu, huganda na kuziba bomba. Bomba likishaziba halizibuki, na kila usiku wa kuegesha vibaya huongeza kidogo juu ya ule uliopita. Safarini hakuna shida, kwa kuwa mtikisiko wa barabara haukipi kimiminika nafasi ya kutuama. Friji ya kompresa ya volti 12 nayo haijali mambo haya. Chungulia kwanza uliyonayo ni ipi kabla hujatoa pesa.

Kwa friji za amonia, miongozo ya kampuni ya Norcold inataja mipaka miwili: nyuzi 3 kushoto na kulia, nyuzi 6 mbele na nyuma. Hapa wengi husoma vibaya. Kushoto na kulia huko ni kwa friji yenyewe, ukiwa umesimama mbele ya mlango wake. Friji ikiwa imefungwa kwenye ukuta wa ubavuni, mlango ukitazama katikati ya trela, basi kushoto na kulia kwake ndiko mbele na nyuma kwa trela. Kwa hiyo upande wenye ruhusa ndogo ni ule wa urefu wa trela, unaosawazishwa na jeki ya mbele, na wengi ndio wanaoupuuza wakishamaliza kupanga vitalu chini ya tairi.

Sasa tuziweke nyuzi hizo kwenye sentimita. Umbali kati ya tairi ya kushoto na ya kulia ukiwa sentimita 180, nyuzi moja ni kama sentimita 3. Kutoka ekseli hadi jeki ya mbele pakiwa mita 4.5, nyuzi moja ni karibu sentimita 8. Ina maana huhitaji kiputo cha pima maji kikae katikati kabisa. Ukibaki ndani ya nyuzi moja, friji ni salama, na mwili wako hautahisi kitu kitandani. Anayerudi nyuma mara ya nne kufukuzia nusu sentimita anachosha gari na kupoteza mwanga wa jioni.

Kwa hesabu hiyo, vitalu vya plastiki ni kifaa kizuri kuliko sifa zake. Lynx Levelers na vile vya njano vya Camco huuzwa kumi kumi, kila kimoja kina upana wa inchi 8.5 kila upande na kimo cha inchi 1, yaani sentimita 2.5, na hushikana kwa meno. Kimo cha kitalu kimoja ni chini kidogo ya nyuzi moja, kwa hiyo hatua zake zinatosha. Tatizo ni idadi. Tairi haipandi ukuta wima. Lazima ujenge ngazi. Kuinua inchi 1 kunataka kitalu kimoja, inchi 2 vitatu, inchi 3 sita, inchi 4 vyote kumi, na hiyo ni kwa tairi moja. Trela ya ekseli mbili ina tairi mbili kila ubavu na zote lazima zipande. Ukipandisha moja tu, hiyo moja, beringi yake na springi yake hubeba mzigo wa mbili. Mfuko mmoja hautoshi hapo.

Tairi ikae yote juu ya kitalu cha juu. Ukingo wake ukining'inia nje, waya za ndani ya tairi hupinda mahali pamoja usiku kucha. Na usiweke kitalu moja kwa moja juu ya kokoto zenye ncha. Plastiki hubebwa na ncha mbili tatu tu na hupasuka, mapema zaidi wakati wa baridi. Kipande cha plaiwudi chini yake kinatosha.

Kwa ekseli mbili, ushindi ni wa kabari za upinde, na inayojulikana zaidi ni ya Andersen. Umbo lake ni kama kipande cha tikiti maji: chini imevimba, upande mmoja mwembamba, mwingine mnene. Unaiweka ncha nyembamba ikigusa tairi, gari linavuta polepole, tairi inapanda. Hakuna ngazi ya kuhesabu. Mwenzako anatazama kiputo, na kinapofika kati ya mistari anapaza sauti, dereva anakanyaga breki hapohapo. Kabari ndogo inayokuja pamoja nayo husukumwa chini ya upande mnene uliobaki hewani, na kifaa hakiyumbi tena. Inainua kuanzia nusu inchi hadi inchi 4, na kiwango chake ni trela ya hadi pauni 30,000, karibu kilo 13,600, yenye tairi zisizozidi inchi 32. Ni ghali kuliko mfuko wa vitalu, na kwa ekseli mbili unahitaji jozi. Hata hivyo kazi ya robo saa huisha kwa mvuto mmoja.

Ina mambo mawili ya kuangalia. Pima nafasi kati ya tairi mbili za ubavu mmoja kabla ya kulipa. Zikikaribiana sana, kifaa hugonga tairi ya pili, na wenye tatizo hilo hukata ncha yake kwa msumeno. Pili, kwenye zege laini au nyasi zenye umande hukimbia mbele badala ya kupandwa. Mkeka wa mpira chini yake humaliza ubishi.

Vile vifaa vya chuma vinavyokumbatia tairi na kuinua kwa kuzungusha skrubu vinafaa trela nyepesi ya ekseli moja, na uzuri wake ni kwamba unasawazisha bila gari kusogea. Kwa ekseli mbili sahau.

Kipimo kinachosomwa kwenye simu, kama LevelMatePRO, hufungwa ndani ya trela, ukakiingizia upana na urefu wake, kisha simu inakuambia upande gani unahitaji inchi ngapi. Hutumia bluutuuthi, kwa hiyo hata porini pasipo mtandao kinafanya kazi. Pia hukumbuka kimo cha mbele wakati wa kuchomoa gari, na hilo huokoa muda siku ya kuondoka. Kwa anayesafiri peke yake ni msaada wa kweli. Mkiwa wawili, pima maji ya fundi ya bei ndogo inatosha. Ilaze kwenye sakafu ya sehemu ya barafu ya friji, sawazisha trela kwa hiyo, ndipo ubandike vile vipimo vidogo vya nje vikisoma sawa nayo. Vikibandikwa kwa kukisia, vitakudanganya kila safari.

Mpangilio wa kazi haubadiliki. Sawazisha kushoto na kulia gari likiwa bado limeshika trela. Kaza kabari za kuzuia tairi zisibingirike, mbele na nyuma ya tairi, hasa za upande uliobaki ardhini. Ndipo uchomoe gari. Wanaochomoa kabla ya kabari ndio ambao trela zao huteremka zenyewe kutoka kwenye vitalu. Baada ya hapo jeki ya mbele hupanda au kushuka. Mwisho ni miguu ya pembe nne, nayo ni ya kuzuia mtikisiko tu. Ishushe mpaka iguse ardhi vizuri, ongeza kidogo, acha. Ukiinua trela kwa miguu hiyo, fremu hupinda, milango huanza kukwama na vyumba vya kusukuma nje huuma kwenye reli.

Ile mikasi ya chuma inayotanuliwa kati ya tairi mbili hupunguza kuyumba mtu anapotembea ndani, lakini haichukui nafasi ya kabari. Ikaze tena asubuhi, kwa sababu tairi hupoa usiku na kusinyaa.

Mwenye kabari za upinde bado anunue mfuko mmoja wa vitalu. Kazi yake ni chini ya jeki ya mbele. Kambi za Cades Cove na Elkmont kule kwenye hifadhi ya Great Smoky Mountains, Marekani, hazina umeme wa kuchomeka, friji hukaa kwenye gesi siku zote za mapumziko, na pua ya trela ikiwa imeinama jeki inaweza kufika mwisho wa urefu wake kabla kiputo hakijafika katikati. Vitalu vinne, viwili kwa viwili chini ya bamba la jeki, vinakupa sentimita tano zaidi. Pua ikiwa juu na jeki imegota haishuki tena, kuna dawa moja: rudisha gari, pandisha tairi zote za pande zote mbili kwa kimo kilekile, kisha uanze upya. Na vitalu vikitoka kwenye tope, visuguliwe upande wa chini kabla ya kurudishwa mfukoni. Udongo ukikauka kwenye mashimo yake, meno hayashikani safari ijayo.