Kaunta ya sushi au meza ya teppanyaki?
Ukiwa likizo ufukweni na mkahawa wa Kijapani una vyote viwili, mimi nakushauri kaunta. Muulize mpishi samaki gani ameingia leo, kisha mtazame: analowesha viganja, anafinyanga tonge dogo la wali wenye siki, bado vuguvugu, na kulaza juu yake kipande cha samaki. Litie kinywani papo hapo, maana wali ukipoa utamu umekwenda. Chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya, wali usije ukamomonyoka.

Teppanyaki, iliyoanzia mji wa Kobe, Japani, mwaka 1945, ni nyama na kamba wa baharini vinavyokaangwa kwenye bamba la chuma mbele yenu. Watoto huifurahia sana, na asiyetaka samaki mbichi atashiba.