Miezi minane kwenye kikundi cha kusoma riwaya za mazingira Mbeya: uzoefu wangu

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza kila nikimtajia mtu. Kujiunga ni 10,000, halafu 5,000 kila mwezi, unatuma kwa simu kabla ya tarehe 5. Kwa hela hiyo unaazima kitabu kimoja kwa siku 14 na unapata kiti kwenye mazungumzo ya Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tisa alasiri, chumba cha juu cha jengo moja jirani na Soko Matola. Chai ya tangawizi ipo ya kutosha, maandazi ni ya waliowahi. Kitabu kikichelewa unalipa 500 kwa siku. Mimi nimeshakatwa 3,500 na sina kinyongo, kosa lilikuwa langu.

Habari zao nilizipata kwa mteja. Nauza dawa Mwanjelwa, na dada mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya kikohozi alikuwa na kitabu kinene kwapani. Nikamuuliza kinahusu nini, akasema ni hadithi ya miti. Kurasa zaidi ya mia tano, hadithi ya miti! Nikacheka, naye akacheka, akaniachia namba ya mratibu.

Wanachosoma ni riwaya ambazo ndani yake mvua, mto, msitu au uchafu wa kiwanda ndivyo vinavyosukuma kisa, si mandhari ya kupamba sura ya kwanza kisha yakasahaulika. Nilipoingia walikuwa wanamalizia Parable of the Sower ya Octavia Butler, Mmarekani. Ilitoka mwaka 1993 lakini kisa kinaanzia mwaka 2024: California imekauka, maji yana bei kuliko petroli. Sikuwa nimekisoma, nikakaa kimya. Ninachokumbuka ni dereva mmoja wa bajaji akisema mwandishi alikosea kidogo tu. Petroli bado iko juu, ila wiki bomba la mtaani kwao lilipokauka, dumu la lita 20 walinunua 500, na foleni ilianza saa kumi alfajiri.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii niliuona mwezi uliofuata. Zamu ilikuwa ya kile kitabu kinene, The Overstory ya Richard Powers, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2019. Nakala sita, wanachama kumi na tisa, Kiingereza cha kukunja ndita. Piga hesabu mwenyewe. Jumamosi ilipofika waliokimaliza walikuwa wanne, mimi nilikuwa ukurasa wa 140, na wapo waliokuwa wameishia kwenye jalada. Mratibu akaanza kusoma maswali yaliyochapwa kwenye karatasi, watu wakaanza kuchungulia simu.

Aliyeokoa jahazi ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu tu. Akasema, "Jamani, hapa hatufanyi mtihani. Waliosoma watusimulie, kwa Kiswahili, bila karatasi. Ambao hatujamaliza tutauliza." Kumbe yeye alikuwa mmoja wa wale wanne. Kitabu kina watu tisa, kila mmoja na kisa chake. Mwalimu akamchukua mmoja, Patricia Westerford, mtafiti anayegundua kwamba mti ukishambuliwa na wadudu hutoa ishara hewani na miti ya jirani ikajihami. Mwalimu akaisogeza chupa ya chai katikati ya meza, ikawa mti ulioliwa. Vikombe vikawa majirani. Akafungua kifuniko, mvuke ukapanda, akasema, "Hiyo hapo habari inakwenda." Akatueleza wenzake Patricia walivyomkejeli mpaka akapoteza kazi yake ya utafiti, na ilivyochukua miaka kabla wengine hawajathibitisha alichosema. Hakuna aliyegusa simu. Hata chai ilipoa.

Tangu siku hiyo utaratibu ndio huo, na kwangu mimi ndio unaostahili ile 5,000, kuliko hata vitabu vyenyewe.

Sasa, mimi ni mtoto wa Mufindi, mkoani Iringa. Kwetu shamba la miti ni benki. Shamba la serikali la Sao Hill lilianza mwaka 1939 na ndilo kubwa kuliko yote nchini kwa miti ya kupandwa, na baba zetu walijifunza kwa kulitazama. Baba yangu alipanda ekari sita nikiwa darasa la nne, misindano (paina) juu na milingoti (mikaratusi) chini kuelekea bondeni. Nilipofika umri wa chuo alivuna. Ada yangu yote, godoro, hata viatu vyangu vya kwanza vya ngozi, vimetoka kwenye mbao. Kwa hiyo niliposikia watu wa kwenye kitabu wakipanda juu ya miti na kukaa huko ili isikatwe, nikaropoka: "Baba yangu akisimuliwa hiki atauliza ubao wa mbili kwa nne wanauzaje huko."

Walicheka wote isipokuwa mzee mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Madibira, bonde la Usangu, ambaye huja Mbeya kwa mwanawe. Akaniuliza, "Mwanangu, kwenu Mufindi upande gani?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Basi mimi na baba yako tunakunywa kikombe kimoja. Mto Ndembera unapita kwenu, unakuja kwetu. Milingoti yenu inatangulia kunywa, sisi tunapata makapi."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka kinyungu cha bibi. Kwa asiyejua, kinyungu ni bustani ya bondeni, palipo na unyevu hata kiangazi. Unainua matuta mwezi wa saba au wa nane, unapanda mahindi, maharage na maboga, na Desemba unakula mahindi mabichi wakati ya mlimani ndiyo kwanza yanaota. Pembeni ya kinyungu cha bibi kulikuwa na chemchemi. Nikiwa mdogo tulikuwa tunazamisha ndoo yote, inatoka imejaa. Nilipokwenda Krismasi iliyopita, pale pale, nilichota kwa kopo la Kimbo. Makopo kumi na moja, halafu unasubiri maji yakusanyike tena. Baba anasema ni mvua zimebadilika. Mjomba anasema ni milingoti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa, na kijijini kwetu waliobanwa nayo kwanza walikuwa akina bibi wenye vinyungu, si wenye miti. Haya yote niliyasema pale mezani, mimi ambaye mwezi uliotangulia sikufungua mdomo.

Yule mzee naye hakujitoa. Alisema wazi kwamba huko kwao wapo wanaoyaacha maji yatiririke mfereji mzima hata baada ya kuvuna, eti wasije wakanyimwa zamu. Maji yaliyobaki ndiyo yanayokwenda Ihefu, kinamasi cha Usangu, na Ihefu ikipungukiwa, mto Ruaha Mkuu unakatika kabla ya kuvuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Akatukumbusha wafugaji walivyoondolewa Ihefu mwaka 2006 na mpaka wa hifadhi ulivyosogezwa mwaka 2008 ukaimeza Usangu. "Ng'ombe wameondoka," akasema, "mto haujarudi kama zamani. Nani tena aondoke?" Mama mmoja muuza vitenge, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya chai, akadakia: "Kumbe maji ya bwawa la Mtera yakipungua tukakatiwa umeme, ni nyinyi wawili hapa?" Pale ndipo hata mzee alicheka.

Kitabu kilichonikamata kuliko vyote ni How Beautiful We Were ya Imbolo Mbue, mwandishi aliyezaliwa Kamerun. Kilitoka mwaka 2021. Kijiji kinaitwa Kosawa, cha kubuni, kampuni ya mafuta ya Marekani imechafua maji na ardhi, watoto wanakufa. Kinaanza na mkutano: wakubwa wa kampuni wamekuja kutoa ahadi zilezile, na kichaa wa kijiji, Konga, anatokea akiwa ameshika funguo za gari lao. Basi, hawaondoki. Nilikisoma kwa usiku tatu, na sehemu kubwa inasimuliwa na watoto kwa pamoja, "sisi", kama vile umekaa nao jikoni wakipokezana. Kiingereza chake chepesi, anayeanza aanze na hiki, aachane na kile cha miti.

Kwenye mazungumzo yake alisimama kijana aliyewahi kukaa machimbo ya dhahabu ya Chunya. Alikisifu kitabu, kisha akasema kinampa msomaji nafuu ambayo yeye hakuwahi kuipata. "Kosawa adui ana gari lenye nembo. Mimi kule nilikuwa nachanganya zebaki kwenye karai kwa mikono hii, maji naachia kijitoni, na chini ya kijito kuna mama anafua. Funguo za nani nikamate?" Mwalimu alimwambia aandike hicho hicho alichokisema. Sijui kama ameandika.

Lawama zangu ni chache, lakini ninazo. Mwezi wa nne kitabu kiliwekwa pembeni kwa sababu walikuja wageni wa mradi mmoja, ikafungwa projekta, tukaoneshwa dubu juu ya barafu kwa saa nzima. Tukapewa fulana na kalamu, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi nyumbani. Ada ya mwezi ule ilikatwa kama kawaida. Niliuliza, nikaambiwa ilikuwa "fursa".

Lawama ya pili ni bei ya kitabu kikiharibika. Nilinyeshewa nikiwa kwenye bodaboda kutoka Uyole, kitabu kikavimba kama andazi. Nikatozwa 45,000, kiasi ambacho hakikuwa kimeandikwa popote nilipojisajili. Walikubali nilipe kwa awamu tatu, nawashukuru kwa hilo, lakini mtu angeambiwa mapema angefunga kitabu kwenye mfuko wa nailoni. Nawaambia nyinyi: fungeni kwenye nailoni.

La tatu ni rafu yenyewe. Vitabu vyote ni vya Kiingereza. Mratibu anasema riwaya za namna hii kwa Kiswahili hazipatikani, na mimi namwambia atafute kwa bidii zaidi, kwa sababu Kiswahili kina mvua, ardhi na ukame tele kwenye mashairi na riwaya zake, hata kama jalada halijaandikwa neno tabianchi. Tukikosa, kwa nini masimulizi yetu ya Jumamosi yasirekodiwe? Mwalimu na chupa yake ya chai tayari ni kitabu.

Na dirisha. Kioo kimoja kimevunjika tangu nijiunge, na Juni ya Mbeya mnaijua. Njoo na kitenge cha pili.

Ukiniuliza nyota, natoa nne kati ya tano. Haimfai mtu anayetaka kusoma kimya na kwenda zake, huyo atakereka kwa kelele na kwa foleni ya nakala. Wanafunzi wanapewa nusu bei wakionyesha kitambulisho, hilo ni zuri na halitangazwi vya kutosha.

Mwezi ujao zamu ya kusimulia ni yangu. Nilimpigia baba nikamweleza habari za yule mzee wa Madibira, kikombe kimoja na makapi na yote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Huyo mzee huwa anakuja Jumamosi ipi?" Nikamwambia ya pili. Akasema atakuja kama kuna nauli. Nauli ya kutoka Mafinga nimeshatuma.