Contessa 32: nimekaa nayo siku 5, maoni yangu haya hapa

Jamani nimeshuka jana kutoka kwenye Contessa 32 baada ya siku 5 baharini na mkono bado unakumbuka usukani wake, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla sijapoa. Kwa wasioijua, ni boti ya matanga ya kusafiria, mchoro wa David Sadler, ilianza kuundwa 1971 kwenye karakana ya Jeremy Rogers kule Lymington, Uingereza. Urefu mita 9.75, upana mita 2.9 tu. Hiyo 2.9 ishikeni vizuri, maana raha yote ya hii boti na kero zake zote zinatoka hapo.

Boti za siku hizi za urefu huo nyingi zinapita mita 3.2, tezi (nyuma ya boti) pana kabisa, unapata chumba cha nyuma na choo cha kujigeuza. Humu hamna. Mkikaa wanne mezani magoti yanagongana, mmoja akitaka kwenda omo (mbele) lazima mwingine anyanyuke, na ukipika unapika umejibana. Kama una familia na mnapenda kulala bandarini kila usiku, kiukweli tafuta nyingine.

Sasa pandisha tanga. Siku ya 2 tulikuwa tunapiga bisho, yaani tunapanda kuelekea upepo unakotoka, upepo ukaja kwa kishindo, boti ikalala ubavu mpaka maji yakawa yanakimbia juu ya sitaha upande wa demani (ule ulioinama, upepo unakoelekea), mimi nikaikaza kana (mpini wa usukani) kwa mikono miwili nikisubiri kile kitu ninachokijua kwenye boti pana, ikilala tezi inanyanyuka, usukani unatoka majini na omo inakimbilia upepo yenyewe utake usitake. Wapi! Ikaegemea pale pale ikaendelea na njia yake, nikalegeza mkono mmoja, halafu nikabaki na vidole viwili. Nilitamani kupiga kelele. Umbo jembamba halibadiliki sana likilala, na usukani umening'inizwa nyuma ya pezi lake (bapa lisilogeuka chini ya boti), uko chini kabisa kwenye maji, kwa hiyo unaendelea kushika hata boti ikilala hivyo.

Halafu kuna uzito. Boti nzima ni kama tani 4.3, na kati ya hizo zaidi ya 2 ni farumi (uzito wa kuituliza boti) iliyoko chini kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti. Hata ikipinduliwa zaidi ya digrii 150, yaani mlingoti unachungulia chini, bado inarudi. Na hii si ya kwenye makaratasi, kwenye Fastnet 1979, mashindano ya boti za matanga kule Uingereza, dhoruba ilipowakuta zilianza boti 303, wakafa mabaharia 15, na katika daraja la boti ndogo kabisa, iliyomaliza ilikuwa moja tu, Assent, nayo ni Contessa 32. Hiyo habari nilikuwa naijua zamani, ila nimeielewa juzi nikiwa na kana mkononi.

Kero sasa. Inalowesha, aisee inalowesha! Sitaha iko chini, wimbi dogo tu limeshakupiga usoni, koti la mvua halivuliwi. Nguvu yake nyingi iko kwenye tanga la mbele, ni kubwa mno ukilinganisha na tanga kuu, ukichelewa kulipunguza unachoka bure kulivuta kila mkigeuza. Upepo ukitokea tezini, boti inayumba kulia kushoto, kikombe hakikai. Mwendo maili 6 na nusu za baharini kwa saa, usitegemee zaidi.

Kurudi nyuma kwa injini ndiko kulinitoa jasho, tezi inavutwa upande mmoja mpaka ishike mwendo, mara ya 3 ndo nikajifunza kuielekeza mapema halafu nisubiri bila kuongeza moto. Mwenye boti ameniahidi safari ya usiku mwezi ujao, nimeshamwambia zamu ya usukani alfajiri ni yangu.